Lydia Pinkham: Mama aliyejenga kiwanda kwa chupa ya mitishamba

MWAKA 1875, katika mji wa Lynn, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, mama mwenye umri wa miaka 56 alianza kuuza dawa ya mitishamba ambayo kwa miaka mingi alikuwa akiwapa majirani zake bure. Mumewe alikuwa amefilisika na familia ilikuwa inahangaika kulipa madeni. Alipofariki dunia miaka minane baadaye, mauzo ya dawa hiyo yalikuwa yamefikia takriban dola 300,000 kwa mwaka, na sura yake ilikuwa inatambuliwa nchi nzima.

Mama huyo ni Lydia Estes Pinkham. Dawa yake ililenga matatizo ya wanawake, kuanzia maumivu ya hedhi hadi usumbufu wa umri wa kukoma hedhi: joto la ghafla mwilini, kutokwa na jasho usiku, kukosa usingizi na hasira zisizo na sababu. Leo virutubisho vya mimea kwa wanawake wa umri huo vinauzwa duniani kote, katika maduka ya dawa na hata mikononi mwa wachuuzi. Pinkham ni miongoni mwa waliofungua njia ya biashara hiyo.

Kwa wakazi wa Kolo, wilayani Kondoa, habari hii si ya mbali. Michoro ya miambani ya Kondoa, ambayo Kolo ndiyo lango lake, iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Baadhi ya miamba hiyo, ukiwamo Mongomi wa Kolo, imeendelea kutumiwa na wenyeji kwa matambiko ya mvua na ya tiba. Tangu barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati ikamilike mwaka 2018, bidhaa za Kolo zinafika mijini kwa urahisi zaidi. Mama mwenye ujuzi wa mizizi na majani anaweza kufikiria kufungasha na kuuza mbali. Maisha ya Pinkham yanaonyesha faida inakotoka katika biashara ya namna hiyo, na pia mahali ambapo mteja anaweza kuumizwa.

Binti wa mshona viatu

Lydia alizaliwa Februari 9, 1819, akiwa mtoto wa 10 kati ya watoto 12. Baba yake, William Estes, alianza kama mshona viatu, kazi iliyokuwa uti wa mgongo wa uchumi wa Lynn, kisha akapata mali kwa kununua na kuuza ardhi. Familia hiyo ilikuwa ya madhehebu ya Waquaker na ilipinga vikali biashara ya utumwa. Frederick Douglass, aliyetoroka utumwani na kuwa msemaji mashuhuri wa watu weusi, aliishi Lynn kwa miaka kadhaa na alikuwa rafiki wa familia. Lydia mwenyewe alijiunga na chama cha wanawake wa Lynn waliopinga utumwa akiwa bado msichana, na baada ya masomo akawa mwalimu.

Mwaka 1843 aliolewa na Isaac Pinkham, mjane aliyekuwa na binti mmoja. Walizaa watoto watano, mmoja akafa mchanga. Isaac alikuwa mtu wa kujaribu kila kitu. Alitengeneza viatu, akalima, akafanya biashara, akahama kutoka jambo moja kwenda jingine bila kutulia. Mwishowe aliweka matumaini yake kwenye viwanja, akikopa ili anunue kwa kuamini kuwa bei ingepanda siku zote.

Septemba 1873 benki kubwa ya Jay Cooke ilianguka na kuivuta Marekani yote kwenye mdororo wa uchumi. Bei ya ardhi ikaporomoka, waliomkopesha Isaac wakataka fedha zao, na mali yote ikaondoka. Isaac alivunjika moyo na afya, na hakuwahi kusimama tena kama mkuu wa riziki ya nyumba. Mzigo ukabaki kwa Lydia na watoto wake wakubwa, Charles, Daniel, William na binti yao Aroline.

Dawa ya jikoni

Wakati huo familia nyingi za Marekani zilijitibu zenyewe. Madaktari walikuwa ghali, na baadhi ya tiba zao zilitisha kuliko ugonjwa. Dawa za zebaki zilitumika sana. Kuanzia mwaka 1872 upasuaji wa kuondoa ovari, ulioanzishwa na daktari Robert Battey wa Georgia, ulifanywa hata kwa wanawake waliolalamika kuhusu maumivu au hali ya kukosa utulivu, na wengi walikufa. Mwanamke aliyekuwa na tatizo la uzazi aliona aibu kulieleza mbele ya daktari mwanamume, na madaktari karibu wote walikuwa wanaume.

Lydia alikuwa na daftari la mapishi ya dawa na vitabu vya mitishamba. Inasimuliwa kuwa mapishi ya dawa yake maarufu yaliifikia familia kupitia fundi mitambo mmoja, George Clarkson Todd, aliyeshindwa kulipa deni la dola 25 na kutoa mapishi hayo kama fidia. Mchanganyiko ulikuwa na mizizi ya mimea ya Amerika Kaskazini ikiwamo Aletris, Asclepias, Senecio na kohoshi nyeusi, pamoja na mbegu za uwatu, ambazo wasomaji wa hapa wanazifahamu kwa uji wa mama anayenyonyesha. Vilisagwa, vikalowekwa na kuchujwa, kisha ikaongezwa pombe ya kiasi cha asilimia 18 ili dawa isiharibike.

Pombe hiyo ni moja ya vitendawili vya maisha yake. Lydia aliunga mkono harakati za kupiga vita ulevi, lakini aliona kuwa pombe ndani ya dawa ni kiyeyusho na kihifadhi tu. Wateja wake, wengi wao wanawake wacha Mungu wasiogusa bia, walikunywa kijiko baada ya kijiko bila wasiwasi.

Habari za dawa zilikuwa zimevuka mipaka ya mtaa. Familia ilisimulia kwamba siku moja wanawake walifika kutoka mji jirani wa Salem wakitaka kununua, wakalipa dola 5 kwa chupa sita. Daniel alisema kwa nini wasiuze kwa wote. Bei ikawekwa dola 1 kwa chupa, au chupa sita kwa dola 5. Jiko la chini ya nyumba likawa kiwanda. Lydia alisimamia mchanganyiko na kuandika maelezo, William na Daniel wakauza, Charles na Aroline wakachangia mishahara yao kununua malighafi na chupa. Mwaka 1876 lebo ya dawa ilisajiliwa katika ofisi ya serikali ya hataza, hatua ambayo wajasiriamali wengi wadogo huikumbuka wakati jina lao limekwisha kuibwa.

Matangazo kwanza

Mwaka wa kwanza soko lilikuwa gumu. Daniel alikwenda New York na Brooklyn akiwa na vipeperushi vya kurasa nne vilivyoandikwa na mama yake, akavigawa nyumba kwa nyumba akiwa hana hata nauli ya kutosha. Hatua iliyogeuza mambo ilikuwa ya William. Akiwa Boston na fedha za mauzo mkononi, badala ya kuzipeleka nyumbani alilipa dola 60 kuchapisha kipeperushi hicho kwenye ukurasa wa mbele wa gazeti la Boston Herald. Nyumbani walishtuka, kwa sababu fedha hizo zilikuwa za kulipia madeni. Lakini baada ya siku chache wauzaji wa jumla walianza kuleta oda. Tangu hapo familia ikawekeza karibu kila senti kwenye matangazo, na wakati mwingine ikakopa.

Mwaka 1879 ilikuja hatua nyingine kubwa, kuweka picha ya Lydia kwenye matangazo na kwenye chupa. Mama wa makamo, nywele zimebanwa vizuri, shingoni kitambaa cha lesi, uso wenye utulivu. Wakati ambapo dawa nyingi ziliuzwa kwa picha za madaktari wa kubuni, hapa kulikuwa na bibi ambaye mnunuzi angeweza kumwamini. Husimuliwa kwamba baadhi ya magazeti madogo yaliyokosa picha ya mwanamke maarufu yalitumia ya Lydia, hata kwa habari za Malkia Victoria.

Kwa mkulima na mkusanyaji wa mimea kuna jambo la kuzingatia hapa. Kohoshi nyeusi huota katika misitu ya mashariki ya Marekani, hasa milima ya Appalachia, na familia za milimani zilichimba mizizi hiyo na kuiuza kwa uzito. Thamani kubwa ya chupa ya dola 1 haikubaki kwao. Ilikwenda kwenye jina, lebo na gazeti. Aliyeuza mzizi mtupu aliuza kwa bei ya mnunuzi. Aliyeuza chupa yenye sura na anwani alipanga bei mwenyewe.

Barua za akina mama

Jambo ambalo Lydia alilifanya vizuri kuliko washindani wake lilikuwa kusikiliza. Matangazo yaliwaalika wanawake wamwandikie, na barua zilimiminika. Wengine walieleza mambo ambayo hawakuwahi kuwaeleza waume zao. Lydia alijibu mwenyewe mwanzoni, kisha akaajiri wanawake wa kumsaidia, kwa ahadi kwamba hakuna mwanamume atakayezisoma. Pamoja na kusifu dawa yake, alishauri chakula bora, usafi, mazoezi na mapumziko. Vipeperushi vyake vilieleza hedhi, uzazi na kukoma hedhi kwa lugha ya kawaida, mambo ambayo jamii ya wakati huo haikuyataja hadharani. Kwa wanawake wengi hayo yalikuwa maelezo ya kwanza waliyowahi kupata kuhusu miili yao.

Huo ndio upande unaomfanya aheshimiwe hadi leo. Upande wa pili ni madai ya dawa yenyewe. Matangazo hayakuishia kwenye joto la mwili na uchovu. Yalidai kwamba dawa huponya kushuka kwa kizazi na hata kuyeyusha uvimbe wa mfuko wa uzazi ukiwa katika hatua za mwanzo. Hakuna mzizi wowote kati ya ile uliothibitishwa kufanya hivyo. Mwanamke mwenye uvimbe au saratani aliyekaa nyumbani akinywa chupa baada ya chupa alikuwa anapoteza miezi ambayo asingeirudisha.

Misiba na urithi

Biashara ilipokuwa inashika kasi, misiba iliingia. Daniel alifariki kwa kifua kikuu Oktoba 1881, na William akamfuata kwa ugonjwa huohuo Desemba mwaka huo. Vijana wawili waliokuwa injini ya mauzo waliondoka ndani ya miezi mitatu. Desemba 1882 Lydia alipata kiharusi, na Mei 17, 1883 alifariki akiwa na umri wa miaka 64.

Charles alichukua uongozi, na kampuni ikaendelea kukua chini yake hadi alipofariki mwaka 1900. Lakini umiliki ulikuwa umegawanyika kati ya pande mbili zenye nguvu sawa, upande wa Charles na upande wa Aroline aliyeolewa na William Gove. Katika miaka ya 1920 na 1930 wajukuu waligombana juu ya fedha za matangazo na madaraka, na kesi zikafika mahakamani. Mwanzilishi alikuwa ameacha jina, mapishi na wateja, lakini hakukuwa na utaratibu wa nani ana kauli ya mwisho.

Aroline ana sifa yake ya pekee. Mwaka 1922 alifungua kliniki ya akina mama na watoto mjini Salem kwa kumbukumbu ya mama yake. Fedha za chupa zikarudi kwa wanawake kwa namna ambayo hakuna daktari angeweza kuipinga.

Picha ya kaburi

Baada ya kifo cha Lydia kampuni iliendelea kuwaalika wanawake wamwandikie Bibi Pinkham, na majibu yaliendelea kutumwa. Mwaka 1905 mhariri wa jarida la Ladies' Home Journal, Edward Bok, alichapisha picha ya jiwe la kaburi lake. Wasomaji waliona kwamba mama waliyedhani anasoma siri zao alikuwa amezikwa miaka zaidi ya 20. Mwaka huohuo mwandishi Samuel Hopkins Adams alianza katika jarida la Collier's mfululizo wa makala zilizofichua udanganyifu wa watengenezaji wa dawa za aina hiyo.

Mwaka 1906 Marekani ilipitisha sheria ya vyakula na dawa iliyowalazimisha watengenezaji kutaja kwenye lebo kiasi cha pombe na viambato vingine vya hatari. Kampuni ya Pinkham ililazimika kuonyesha asilimia 18 yake, na mwaka 1914 ikapunguza hadi asilimia 15. Madai ya kutibu kila kitu yakapunguzwa kidogo kidogo, lebo baada ya lebo. Hata hivyo mauzo hayakufa. Yalifika kilele mwaka 1925, takriban dola milioni 3.8, katika miaka ambayo vileo vilikuwa vimepigwa marufuku Marekani. Baada ya hapo yalishuka, hasa vidonge vya homoni vilipoingia sokoni. Mwaka 1968 familia iliiuza kampuni kwa Cooper Laboratories. Bidhaa zenye jina la Lydia Pinkham, zikiwa na mchanganyiko uliobadilishwa, ziliendelea kuuzwa hata katika karne hii.

Je, dawa ilifanya kazi?

Kati ya viambato vyake, kohoshi nyeusi ndiyo iliyochunguzwa zaidi. Mwaka 2012 wataalamu wa mtandao wa Cochrane, unaopitia tafiti za tiba, walichambua majaribio 16 yaliyohusisha wanawake 2,027 na kuona kuwa ushahidi hautoshi kusema mmea huo unapunguza dalili za kukoma hedhi. Mapitio mengine ya mwaka 2013 kuhusu mimea yenye viini vinavyofanana na homoni ya kike, ikiwamo soya, nayo hayakupata jibu la uhakika, ingawa baadhi ya majaribio yalionyesha nafuu kidogo.

Katika majaribio ya aina hii, wanawake wengi waliopewa vidonge visivyo na dawa nao hueleza kupata nafuu. Joto la mwili huja na kuondoka lenyewe, na mtu aliyesikilizwa na kutulizwa hujisikia vizuri zaidi. Hiyo inaeleza kwa nini Pinkham alipokea shukrani za kweli kwa dawa ambayo nguvu yake haijathibitishwa.

Usalama ni suala jingine. Mimea ya jamii ya Senecio ina sumu inayoweza kuharibu ini, na kumeripotiwa matukio ya maradhi ya ini kwa watumiaji wa kohoshi nyeusi. Kwamba kitu kimetoka porini hakumaanishi kuwa hakina madhara.

Somo kwa Kolo

Wakulima wa Kondoa wanajulikana kwa mtama, uwele, alizeti, mbaazi na asali, na wengi wao wanauza mazao ghafi. Safari ya Pinkham inaonyesha thamani ya kusaga, kufungasha, kusajili jina na kuweka anwani ambayo mteja anaweza kuilalamikia. Hilo linafaa kwa unga wa lishe na asali kama linavyofaa kwa mitishamba.

Kwa atakayechagua dawa, taratibu zipo. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 ilianzisha Baraza linalosajili waganga, vituo na dawa za asili. Bidhaa zinazouzwa kama chakula, baada ya mabadiliko ya mwaka 2019, ziko chini ya Shirika la Viwango Tanzania. Anayeuza unga wa soya kama chakula hana ruhusa ya kuuita tiba ya joto la mwili.

Kuna pia suala la mizizi yenyewe. Milima ya Irangi iliwahi kumomonyoka kiasi kwamba Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi ya Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 ikaondoa mifugo yote katika eneo lililoharibika ili uoto urudi. Biashara ya mizizi inayotegemea jembe na pori la wote inaweza kurudisha makorongo hayo. Mmea wenye soko upandwe shambani kabla soko halijakua.

La mwisho linahusu uhai. Wanawake wa vijijini wanaofikia umri wa kukoma hedhi bado wengi hawana wa kumweleza, kama walivyokuwa wateja wa Lynn. Atakayewasikiliza atapata wateja, hata kama chupa yake haina kitu. Kwa hiyo anadaiwa ukweli. Mwanamke anayetokwa na damu mwaka mmoja au zaidi baada ya hedhi kukoma, au mwenye uvimbe tumboni, hapaswi kuuziwa chupa. Anapaswa kupelekwa hospitali haraka, kwani hiyo inaweza kuwa dalili ya saratani, na saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Muuza dawa atakayemwelekeza mteja huyo Hospitali ya Mji wa Kondoa atakosa bei ya chupa moja, lakini jina lake litabaki salama, na mteja atakuwa na nafasi ya kupona.